Baiskeli Ndani ya Katoni

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Ndugu msomaji, maneno hayo niliyaona kwa macho yangu.

Shule yetu ni ya kutwa, na kutoka kwetu ni kilomita 8 kwa miguu. Januari mjomba alinitumia baiskeli mpya kwa basi. Lo! Ilifika ndani ya katoni: gurudumu la mbele kando, usukani kando, pedali zimefungwa kwa karatasi. Fundi yuko mbali, basi nikashika spana mwenyewe.

Kwanza nilitia kiti na usukani. Kila bomba lina alama iliyochorwa. Alama hiyo sharti izame ndani, la sivyo bomba laweza kung'oka ukiwa mteremkoni. Pili, nilitia gurudumu, nikahakikisha haliguswi na breki, nikakaza nati pande zote mbili.

Balaa ilikuwa pedali. Ya kulia iliingia vizuri, ya kushoto ikakataa katakata. Nilipotaka kutumia nguvu, mama akasema, "Mwanangu, usishindane na chuma. Kitazame kwanza."

Nikaona herufi L. Kumbe pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha mishale ya saa, ili isijifungue mtu anapoendesha! Ningeilazimisha, meno ya skrubu yangekatika, na mjomba hana pesa za kununua nyingine. Nikapaka grisi, nikaanza kwa vidole, ikaingia taratibu.

Mwisho nilijaza upepo, nikajaribu breki uani kabla ya kwenda barabarani. Siku hizi sichelewi paredi. Wenzangu, alama kwanza, spana baadaye!