Je, Wajua? Maji ya Kibera Huishia Malindi

Mvua ikinyesha Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, maji ya mitaroni huanza safari ya kwenda baharini.

Je, wajua kwamba Kibera ilikuwa mwitu? Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walikaa huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatenga ekari 4,197 ziwe ardhi ya jeshi. Msitu wa Ngong Road, jirani ya mtaa, ungali umesimama.

Je, wajua kwamba kando ya Kibera watu waliwahi kuburudika kwa mashua za tanga? Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwenye Mto Motoine. Leo limesongwa na magugu maji na taka. Mto ukishatoka bwawani huitwa Ngong.

Je, wajua kwamba Mto Nairobi, unaopita Kawangware, huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu? Hupokea maji ya Ngong mashariki mwa jiji, kisha humwagika katika Mto Athi.

Je, wajua kwamba maji hayo huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls? Yako karibu na Thika, mbele ya mlima Ol Donyo Sabuk, na kimo chake ni kama mita 27. Wageni hufika kuona uzuri wake, lakini uchafu wa Nairobi nao hufika, pamoja na povu na uvundo.

Je, wajua kwamba Mto Athi hubadili jina njiani? Ukikutana na Mto Tsavo huwa Galana. Ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki hupita kwa kasi katika miamba iliyochongwa na maji, mahali paitwapo Lugard Falls.

Je, wajua kwamba safari huishia karibu na kijiji cha Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi? Hapo mto huitwa Sabaki, na heroe na viboko huonekana mlangoni mwake. Wakati wa mvua bahari hugeuka rangi kwa tope, ambalo hutishia matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968.

Athi-Galana-Sabaki ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya, baada ya Tana. Ndugu msomaji wa Nairobi, usitupe taka mtaroni: wavuvi wa Malindi nao wanautegemea mto huo.