Jinsi Faili Moja ya Python Iliniaibisha Mbele ya Chama ya Mathe (Na Vile Utajiokoa)

Wasee wa laptopu, leo tubonge ukweli. Kama programu yako yote ya Python inaishi kwa faili moja, uko na bomu kejani na hujui italipuka lini. Yangu ililipukia chama ya mathe.

Nilikuwa nimewatengenezea programu ya michango, mikopo na faini. Faili ilikuwa moja tu, chama.py, laini kama 1,200. Kule juu kulikuwa na fanksheni ya riba ya mikopo, nikaiita hesabu. Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, macho mazito, nikaongeza ya faini za kuchelewa. Nikaiita nini? Hesabu pia.

Python haikulia hata kidogo. Ukiweka fanksheni mbili za jina moja kwa faili moja, ya mwisho inachukua nafasi ya kwanza, kimya kimya.

Siku ya mkutano, mama mmoja alikuwa amekopa 10,000 kwa mwezi, riba asilimia 10. Alifaa kulipa riba ya 1,000. Programu ikasema 1,500, juu ilimpigia faini: 50 kila siku, mara siku 30. Wamama wakaanza kuuliza hiyo 500 inaenda kwa nani. Mathe akafika home, akaniambia tu, "Kijana yangu, leo nimeitwa mwizi." Maze, hiyo usiku sikulala.

Dawa ni kugawanya

Usitishwe na majina. Moduli ni faili yoyote ya Python inaishia na .py. Pakeji ni folda inabeba moduli. Hivyo tu.

Kwa nini inasaidia? Kuna Brayo wa Umoja na Brayo wa Kayole, na hakuna mtu huwachanganya, juu kila mmoja ako na mtaa wake. Moduli ndio mtaa wa fanksheni yako. Nikapanga hivi:

```
chama/
    main.py
    pesa/
        __init__.py
        michango.py
        mikopo.py
        faini.py
```

Halafu kwa main.py:

```
from pesa import mikopo, faini

mikopo.hesabu(10000, 30)
faini.hesabu(10000, 30)
```

Hesabu bado ni mbili, lakini hazigongani tena. Na riba ikileta ngori, najua mlango wa kubisha ni mikopo.py. Hakuna kupekua laini 1,200.

Hiyo `__init__.py` inaweza kuwa tupu kabisa. Tangu Python 3.3 ya 2012, folda bila hiyo faili pia inaweza kuimpotiwa, lakini iweke tu, ndio kila mtu ajue hii ni pakeji.

Mitego ya kuchunga

1. *Kuimpoti na nyota.* Ukiandika `from pesa.mikopo import *` halafu ufanye hivyo na faini, umetoa kila Brayo kwa mtaa wake. Aibu inarudi pale pale.

2. *Kuiba jina.* Usiite faili yako random.py. Python huangalia kwanza folda ya programu yako kabla ya maktaba yake, so ukiandika `import random` itakupea yako, halafu ukiitisha `random.choice` unaambiwa haiko.

3. *Majaribio yameachwa wazi.* Kuimpoti moduli mara ya kwanza kunaendesha kila kitu kiko ndani. Kama kwa faini.py uliacha majaribio ya kuprinti, yatatokea mbele ya mteja. Yafungie chini ya `if __name__ == "__main__":`, yataamka tu ukiendesha hiyo faili yenyewe.

Yule mama alirudishiwa 500 yake na mathe akaombwa msamaha. Bado anatumia programu, lakini siku hizi hubeba na kaunta buku. Siwezi mlaumu.

Sasa enda ufungue ile faili yako ndefu, utafute jina limejirudia. Afadhali ulipate wewe kabla lipatwe na wamama wa chama.