Betri yako haiingii kwangu: Nani ataamua kiwango cha boda za umeme?

Saa kumi na mbili jioni, Majengo, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Mvua imeanza kudondoka. Boda ya umeme ya binamu yangu imezima, na mimi abiria wake nimesimama kando nikijifanya sijui kinachoendelea. Asubuhi tulitoka Kakamega betri ikiwa imejaa. Kisumu tukakuta kituo cha kampuni yake hakina hata betri moja yenye chaji, tukaamua kujaribu bahati. Lakini unaijua barabara hiyo. Kwenda Kisumu ni mteremko, kurudi ni mlima. Mlima ukamaliza chaji yote.

Sasa sikia sehemu inayouma. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kabati la betri za kampuni nyingine. Taa za kijani zinawaka, betri zimejaa, zimepangwa kama soda kwenye friji. Binamu akamwendea kijana wa pale na kumsalimu vizuri. "Mkubwa, nisaidie na moja tu, nitalipa mara mbili." Yule kijana hakuwa na roho mbaya. Alitoa betri, akajaribu kuiweka kwenye nafasi yake chini ya kiti. Haikuingia. Na hata ingeingia, plagi ni tofauti. Na hata plagi zingefanana, alituambia, pikipiki ingeikataa, kwa sababu betri na pikipiki huongea kwanza kabla ya umeme kupita, na hizi mbili haziongei lugha moja.

Tukasukuma.

Ingekuwa pikipiki ya petroli, hiyo shida ungeimaliza kwa dakika tano. Petroli ya Majengo na petroli ya Mumias ni moja. Mdomo wa pampu unaingia kwenye tangi la pikipiki yoyote bila kuuliza imetengenezwa na nani. Tumezoea hadi tunadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Hapana. Kuna watu walikaa chini, wakabishana, wakakubaliana upana wa ule mdomo na ubora wa yale mafuta. Makubaliano ya aina hiyo, yakiandikwa na kutangazwa, ndiyo yanaitwa kiwango.

Kama una umri wangu, unakumbuka chaja za simu za zamani. Nokia ilikuwa na pini nene, halafu ikaja pini nyembamba, Samsung nayo na yake, na ukienda kwa shosho bila chaja yako, simu inalala. Kampuni hazikuelewana zenyewe hadi mwisho. Ulaya ilibidi watunge sheria, na tangu Desemba 28, 2024, simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na tundu la USB-C. Boda za umeme zetu ziko pale simu zilipokuwa wakati wa pini nene. Tofauti ni kwamba simu ikizima unakosa WhatsApp, boda ikizima unakosa unga.

Betri ya boda ina mambo kama manne yanayohitaji kukubaliwa. La kwanza ni usalama: isilipuke, isishike moto, isipitishe maji. La pili ni umbo na uzito. La tatu ni plagi na nguvu ya umeme. La nne ni ile lugha ambayo kompyuta ndogo ndani ya betri hutumia kuambia pikipiki "nina joto" au "nimebaki na asilimia kumi". Ukikosea moja, unasukuma.

Kenya tumefika wapi? Mnamo Septemba 1, 2023, Rais William Ruto alizindua boda za umeme mjini Mombasa. Miezi michache kabla ya hapo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilikuwa imeweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari na pikipiki: Sh16 kwa kila uniti saa za kawaida na Sh8 saa ambazo wengi wamelala, kabla ya kodi na tozo. Mwaka huo huo EPRA ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri. Machi 2024 serikali ikazindua rasimu ya sera ya usafiri wa umeme, pamoja na nambari za usajili za rangi ya kijani.

Viwango vyenyewe ni kazi ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambalo lipo tangu 1974. Hili unalijua kwa alama iliyo kwenye pakiti ya unga. Pia ndilo lenye kiwango cha KS 1515, kinachozuia gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingia nchini. KEBS haijifungii chumbani na kuota kiwango. Huunda kamati ya kiufundi yenye watengenezaji, watu wa serikali, wasomi na wawakilishi wa watumiaji. Kamati huandika rasimu, rasimu hutolewa kwa umma iteteshwe au ipongezwe, kisha ndipo hupitishwa.

Nchi kama yetu mara nyingi haianzi na karatasi tupu. Inachukua viwango vya kimataifa na kuvifanya vya Kenya. Hiyo si aibu. Kwa mfano kuna majaribio manane ya Umoja wa Mataifa, yanajulikana kama UN 38.3, ambayo betri ya lithiamu lazima ipite kabla ya kusafirishwa. Inatikiswa, inagongwa, inapashwa joto, inachajiwa kupita kiasi, mradi tu ionekane kama itawaka. Hakuna haja ya Kenya kuvumbua hayo upya. Moto ni moto, uwe Shanghai au Shinyalu. India walijifunza kwa njia ngumu: mwaka wa 2022 skuta kadhaa za umeme zilishika moto, na serikali ikakaza masharti ya betri mwaka huo huo.

Kwa hivyo kwenye usalama hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye umbo, plagi na lugha, yaani mambo yale yaliyotusukumisha boda.

Tuwe waungwana tusikilize upande wa kampuni pia. Katika mtindo huu wa kubadilisha betri, betri si yako. Wewe unanunua pikipiki, kampuni inabaki na betri, na betri ndiyo kitu ghali zaidi pale. Ikikubali betri zake ziingie kwenye pikipiki ya mwenzake, nani atalipa zikichakazwa? Halafu teknolojia bado inabadilika. Ukifunga umbo leo kwa sheria, pengine baada ya miaka miwili betri bora itakuja na sheria itaikataa. Hoja hizo ni za kweli. Huko India, serikali ilipotoa rasimu ya sera ya kubadilisha betri Aprili 2022, watengenezaji walilalamika vivyo hivyo.

Lakini kuna waliofaulu. Japani, kampuni nne zinazoshindana kufa kupona, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, ziliunda kikundi 2019, na kufikia Machi 2021 zikakubaliana kuhusu betri moja ya kubadilishana. Miaka miwili tu. India nayo, badala ya kulazimisha betri nzima, mwaka wa 2023 ilitoa kiwango cha plagi ya kuchajia vyombo vidogo, vikiwemo vya magurudumu mawili na matatu. Walianza na kile kinachowezekana.

Na wala usidhani hatujawahi kufanya hivi hapa kwetu. Kumbuka M-Pesa. Ilianza 2007, na kwa miaka mingi ajenti wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Mlango huo ulifunguliwa 2014. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka mkoba wa Safaricom hadi wa Airtel kulikuja 2018. Je, M-Pesa ilikufa? Wapi! Kumbe unaweza kufungua mlango na bado ukabaki na wateja. Kilichotuchelewesha si waya. Ni mwenye nguvu kutokuwa na haraka.

Sasa kwa nini mimi wa Kakamega nipige kelele, badala ya kuwaachia watu wa Nairobi? Kwa sababu sisi ndio tunaoumia zaidi.

Piga hesabu nami. Nairobi ina boda nyingi kiasi kwamba kila kampuni inaweza kujenga vituo vyake na vyote vikapata wateja. Lakini tuseme mji mdogo una boda mia moja za umeme na kampuni nne. Kila kampuni ina wateja ishirini na tano. Nani ataweka kituo Malava kwa ajili ya watu ishirini na tano, ambao pengine watano tu ndio hupita Malava? Hakuna. Sasa weka betri moja inayoingia kwa wote. Kituo kimoja kina wateja mia. Hapo Malava inapata, Butere inapata, Khayega inapata. Kiwango cha pamoja kwa Nairobi ni raha. Kwa mashinani ndicho kitakachoamua kama huduma itafika au haitafika.

La pili ni kwamba kiwango kinabeba mazingira ya walioketi mezani. Kuna kipimo kinaitwa IP67: betri isipitishe vumbi, na ihimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika thelathini. Mtu wa mji mkavu wenye lami anaweza kuona hayo ni gharama bure. Wewe unayejua mvua ya Kakamega, ile ya karibu kila alasiri, na barabara ya Shinyalu baada yake, unajua ni lazima. Vivyo hivyo mzigo. Kwenye karatasi boda ina abiria mmoja. Steji ya hapa inajua magunia mawili ya mahindi, na mama na mtoto na kuku wa kupeleka kwa wakwe. Kama majaribio ya umbali yatafanywa na dereva mmoja kwenye barabara tambarare, zile kilomita utakazoahidiwa zitaishia Majengo.

Kwa hivyo fanya mambo mawili. Kwanza, kabla hujatia sahihi mkopo wa boda ya umeme, uliza: betri ni yangu au ni yenu? Naweza kuichaji nyumbani kwa soketi ya kawaida? Mna vituo vingapi kati ya hapa na ninakoenda, na usiku viko wazi? Mkifunga biashara, pikipiki yangu itatumia betri ya nani? Kama muuzaji anababaika kwenye swali la mwisho, wewe pia babaika.

Pili, rasimu za viwango zikitolewa kwa maoni ya umma, soma na utume neno lako. KEBS huziweka kwenye tovuti yake. Hakuna anayekuuliza cheti. Mimi sina, chuo niliacha, na bado naweza kuandika sentensi mbili kuhusu maji na mlima. Chama cha steji kinaweza kuandika barua moja yenye sahihi hamsini. Kampuni hutuma mawakili na wahandisi kwenye kamati hizo. Sisi tukinyamaza, watadhani barabara zote ni tambarare.

Binamu yangu hajaiacha boda yake. Anasema haina kelele, haina oili ya kubadilisha, na pesa ya mafuta anaiona mfukoni jioni. Ila Kisumu haendi tena. Wateja wa Kisumu, ambao ndio hulipa vizuri, anawapa wenzake wa petroli na kuwaangalia wakiondoka.