Siku Moja Arua na Koboko

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tulikwenda nayo Arua siku tuliyopewa ruhusa ya mapumziko, sisi askari wachache tuliovaa nguo za kiraia, bila silaha, bila amri ya mtu. Hatukujua kwamba itatulemea kabla jua halijatua.

Arua ni mji wenye historia ndefu kuliko majengo yake. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilokodishiwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1909, Lado iliingia mikononi mwa serikali ya Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukaunganishwa na Uganda. Mwaka huohuo Waingereza waliweka boma lao Arua. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi ikawa jiji.

Asubuhi tulizuru kanisa kuu la Ediofe, kisha tukateremka sokoni. Hapo ndipo masikio yetu yalipostaajabu. Katika sehemu nyingi za Uganda, mwananchi akisikia Kiswahili hugeuka kutazama bunduki iko wapi, maana kwa miaka mingi lugha hii aliisikia kizuizini na kambini. Arua si hivyo. Humo Kiswahili hupimia unga na kupunguzia bei, kikiandamana na Kilugbara, Kinubi na Kilingala. Tulisalimiwa kwa Kiswahili na hakuna aliyeshtuka.

Adhuhuri tuliingia katika mkahawa mdogo. Tuliletewa enyasa, ugali wa unga wa muhogo, pamoja na osubi, yaani majani ya kunde, na angara, samaki mkavu wa Ziwa Albert. Mama mwenye mkahawa alitutazama tukinawa mikono, akacheka.

"Ninyi ni askari, wanangu."

Tulimwuliza amejuaje.

"Nyote mmeketi mkitazama mlango. Kuleni kwa raha. Anayelinda mlango hapa ni mimi."

Tulicheka naye. Mmoja wetu alipomsifu kwa upishi wake, alituambia kwamba aliujifunza ukimbizini Zaire, akiwa msichana, akipikia wadogo zake. Hakusema zaidi, nasi hatukumdadisi.

Alasiri, kabla ya kuelekea Koboko, tulipita Ombaci, penye misheni ya Kikatoliki. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni hiyo kutafuta hifadhi waliuawa na askari wa jeshi la serikali la wakati ule. Tulisimama mbele ya kumbukumbu yao, vichwa wazi. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, alikuwa amepinduliwa Aprili 1979, na watu wa West Nile wakalipishwa makosa ya utawala ambao wengi wao hawakuuonja hata utamu wake. Maelfu kwa maelfu walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan. Ndipo tulipoelewa kicheko cha yule mama kilikuwa kimevuka umbali gani hadi kutufikia mezani.

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita zipatazo 55, kwa barabara ya lami itokayo Vurra mpakani mwa Kongo na kuishia Oraba mpakani mwa Sudan Kusini. Nchi hii imewatoa askari wengi tangu enzi za King's African Rifles. Amin mwenyewe aliingia jeshi hilo mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Ni ajabu kufikiri kwamba safari iliyotetemesha taifa zima ilianzia jikoni.

Huko Koboko pana mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Wakakwa hupaita Salia Musala, yaani mafiga matatu. Jina hilo halikupatikana bure. Chungu hakikai juu ya figa moja, na waliopokewa na majirani baada ya 1979 ndio ambao baadaye wamewapokea majirani hao walipokimbia vita vyao. Wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi Lobule, katika wilaya hiyohiyo ya Koboko.

Ndugu askari, nawe ndugu polisi, ukipangiwa kazi West Nile, usiende kama mtu aendaye nchi ya waasi wa zamani. Amani iliyotiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002 na kundi la UNRF II ililetwa na mazungumzo. Lipa chakula chako, vua kofia Ombaci, na mzee akikusimulia, msikilize hadi mwisho.

Usiku tulirejea Arua, tukaingia tena kwa yule mama kupata chai. Safari hii mmoja wetu aliketi akiupa mlango kisogo. Mama aliona, akamwongezea sukari.