Kabla ya Kulipia Shahada ya Umahiri ya Takwimu za Afya

Katika zama za misafara, Tura ilikuwa mpaka wa Unyamwezi kwa upande wa mashariki. Msafara uliotoka Tabora kuelekea pwani ulikuwa na Mgunda Mkali mbele yake, pori refu lililotenganisha Unyamwezi na Ugogo. Posho na maji vilihesabiwa wakiwa bado kijijini, kwa kuwa porini hapakuwa na soko. Kijana wa leo wa Tura anayekusudia kusoma shahada ya umahiri yumo katika hali hiyohiyo. Maswali yote yapaswa kuulizwa kabla fedha haijatoka mkononi.

Makala hii inahusu bayostatistiki, yaani takwimu za afya, kwa sababu ni fani yenye manufaa makubwa lakini isiyofahamika kwa wazazi na walezi wengi wanaoilipia.

Fani hii hufanya nini

Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA kila siku: waliougua malaria, waliojifungua, watoto waliochanjwa. Mtaalamu wa bayostatistiki huamua namna ya kukusanya tarakimu kama hizo, na kupima iwapo tofauti inayoonekana ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu.

Mfano mzuri ni jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014. Lilihusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo vyake 11. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Tarakimu hiyo haikuonekana kwa macho ya daktari yeyote. Ilipatikana kwa hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Je, mwombaji anafaa?

Vyuo hutaka shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, kwa kawaida katika takwimu, hisabati, tiba au fani nyingine ya afya. Aliyetoka upande wa tiba ajiulize kwa uaminifu iwapo hisabati bado i hai kichwani mwake. Aliyetoka upande wa hisabati ajiandae kujifunza lugha ya magonjwa. Omba orodha ya masomo ya kila muhula kabla ya kuomba nafasi. Chuo kinachosita kuitoa kinastahili kutiliwa shaka.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kina idara ya epidemiolojia na bayostatistiki, na chuo kikuu cha tiba cha KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha umahiri katika epidemiolojia na bayostatistiki tumizi. Soma jina la programu neno kwa neno. Shahada ya afya ya jamii yenye somo moja la takwimu si shahada ya bayostatistiki, hata kama tangazo linadokeza hivyo.

Hakikisha ithibati

Hili ndilo jambo kuu. Chuo kuwa na majengo, tovuti nzuri na wahitimu hakutoshi. Iulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) maswali mawili tofauti: je, chuo kinatambuliwa? Na je, programu hii yenyewe imeidhinishwa? Chuo halali chaweza kutangaza programu ambayo bado haijapata idhini.

Kwa masomo ya nje ya nchi, au yanayotolewa na chuo cha nje kwa njia ya intaneti, uliza mapema iwapo tuzo yake itatambuliwa na TCU. Mwajiri wa umma huweza kudai uthibitisho huo. Wakala anayepeleka wanafunzi nje anapaswa kuwa amesajiliwa na TCU. Mwombe namba ya usajili, kisha uithibitishe kwa Tume, si kwake yeye.

Familia iliyouza ng'ombe au mavuno ya tumbaku ya msimu mzima kulipia cheti kisichotambuliwa haipotezi ada pekee. Hupoteza pia miaka ya kijana wao.

Hesabu gharama yote

Ada ni sehemu tu ya gharama. Ongeza usajili, mitihani, malazi, safari, kompyuta ya kufaa, na gharama za utafiti wa tasnifu pamoja na kibali cha maadili. Uliza ni programu gani za kompyuta zitakazotumika: R hupatikana bure, ilhali Stata na SAS huhitaji leseni. Uliza pia nani hulipa iwapo tasnifu itachelewa na muhula kuongezeka.

Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akumbuke kwamba mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, makato ni shilingi 120,000 kila mwezi. Usipange bajeti ya ada kwa fedha ambayo haitafika mkononi.

Ushahidi na malalamiko

Lipa kwa akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Tunza tangazo, barua ya udahili, stakabadhi na ujumbe wote. Soma kanuni za kurejeshewa ada kabla ya kusaini. Ukiona umepotoshwa, anza kwa kukiandikia chuo. Usiporidhika, suala la ithibati lipeleke TCU, na tangazo la udanganyifu lipeleke Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Mtaalamu wa takwimu hufundishwa kutokubali dai lisilo na ushahidi. Mwombaji na aanze kuitumia kanuni hiyo kwa chuo chenyewe.