Kutangulia kwa Mtoto wa Kipsigis

Mtoto wa Kipsigis huketi bila kushikwa, na hutembea, mapema kuliko mtoto wa Marekani kwa mwezi mmoja hivi. Hayo yalionekana na Charles Super na Sara Harkness, mume na mke watafiti kutoka Marekani, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliishi miaka mitatu hivi katika jamii ya wakulima waliyoiita Kokwet, kwenye nchi ya Wakipsigis, Kenya.

Kabla yao, mwaka 1957, Marcelle Geber na R.F.A. Dean walikuwa wameeleza kuwa wachanga wa Kampala waliwatangulia wenzao wa Ulaya, na wengine wakadai ni suala la damu. Lakini Super aligundua kwamba mtoto wa Kokwet hakutangulia katika kila jambo. Hakuwatangulia wenzake katika kutambaa, wala katika kuinua kichwa akiwa amelala kifudifudi. Damu haichagui namna hiyo. Mafunzo ndiyo huchagua: mtoto wa miezi mitano au sita alikalishwa kwenye kishimo kilichochimbwa ardhini, au katikati ya blanketi, ili mgongo upate egemeo. Baadaye alishikwa makwapani akazoezwa kupiga hatua. Kutambaa hakukutiliwa mkazo.

Usingizi nao ulifuata maisha ya nyumbani. Kwa kuwa mtoto alilala ubavuni mwa mama na kunyonya kila alipoamka, akiwa na miezi minne alilala mfululizo karibu nusu tu ya muda wa mtoto wa Marekani. Kokwet hakuna aliyeuona huo kuwa ugonjwa.

Kubwa zaidi ni suala la akili. Watoto wa Kokwet waliopimwa kwa kuombwa kusimulia upya hadithi mbele ya mtu mzima mara nyingi walinyamaza, ingawa nyumbani waliaminiwa kulea wadogo zao na kuchunga ng'ombe. Walikuwa wamefunzwa kusikiliza na kutii wakubwa, si kujieleza mbele yao. Kipimo kisichojua hilo humdhulumu mtoto.

Mwaka 1986 watafiti hao walitoa nadharia inayotaka mazingira ya mtoto, desturi za malezi na mawazo ya walezi yachunguzwe pamoja. Mzazi anayehofia mwanawe amechelewa na ajue hili: kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi.