Bembelezi ya Mto Tana

Hapa Isiolo, mji wa makambi, bendera ipandapo alfajiri tarumbeta hulia na wapita njia husimama wima. Wangapi wajuao kuwa Wimbo wa Taifa ni mahadhi ya bembelezi, ya mama wa Kipokomo alazaye mwanawe?

Mwaka 1963 waliitwa mabingwa watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Huyu wa mwisho, mzaliwa wa Uganda, mtunzi wa muziki wa nota, alitoa mwaka 1986 kitabu juu ya muziki wa jadi wa Kenya. Wangaliweza kutunga mahadhi ya Kizungu. Wakayachukua ya Mzee Meza Morowa Galana. Ajabu, sisi watu wa pwani ndio wa kwanza kutomtaja.